Kimchi ilivyopata K yake

Mwaka 1527 Choe Sejin, mkalimani na mtaalamu wa Kichina katika utawala wa Joseon, ufalme wa Korea wa enzi hizo, alimaliza kitabu cha kuwafundisha watoto wa Korea herufi za Kichina. Kitabu kinaitwa Hunmong Jahoe. Kina herufi 3,360, na kila moja imeandikiwa maana na matamshi kwa Hangul, mwandiko uliokuwa haujatimiza hata miaka mia. Alipofika kwenye 菹, herufi ya mboga zilizochachushwa, Choe alieleza maana yake kwa neno moja tu la Kikorea: 딤ᄎᆡ.

Lisome polepole: dimchae.

Linaanza na d.

D hiyo imenisumbua kwa wiki kadhaa. Kimchi, jina la mboga za kuchachusha za Korea, ni neno la Kikorea ambalo hata asiyejua Kikorea analijua, na kumbe halikuzaliwa na sauti linaloanza nayo leo. D nayo si jirani ya k. D hutoka kwenye ncha ya ulimi, nyuma ya meno. K hutoka kwenye shina la ulimi, kule karibu na koo. Watu hawalali wakisema dim wakaamka wakisema kim. Lazima kuna kituo kati, na lazima kuna sababu ya kutoka kwenye kituo hicho.

## Mboga iliyozamishwa

Asili yenyewe haina ubishi mkubwa. Wasomi wa Joseon waliliandika neno hili kwa herufi mbili za Kichina, 沈菜. Ya kwanza ni kuzama au kuzamisha, ya pili ni mboga.

Mboga iliyozamishwa. Basi.

Hakuna pilipili ndani ya jina, na haingewezekana iwemo. Pilipili ilifika Korea baadaye. Yi Su-gwang anaitaja katika kitabu chake Jibong Yuseol cha 1614 kama kitu kilichotoka Japani, na maelekezo ya kuitia kwenye mboga za kuchachusha yanasomeka katika Jeungbo Sallim Gyeongje ya 1766. Kabeji ndefu ya Kichina yenye kichwa kilichofunga, baechu, ndiyo iliyochelewa zaidi: ilitawala mitungi ya Korea kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Dimchae ya Choe Sejin haikuwa nyekundu, wala haikuwa ile kabeji tunayoiona kwenye picha.

Kilichobaki bila kubadilika ni kuzamisha. Hadi leo kazi inaanza hapo. Kabeji yenye uzito wa kilo 2 hadi 3 hupasuliwa kwa urefu, kisha hulazwa kwenye maji yenye chumvi ya takriban gramu 100 kwa lita, saa 8 hadi 10. Kipimo si saa bali ule ubavu mweupe wa jani: ukiukunja ukapinda bila kuvunjika, chumvi imeingia. Baada ya kusuuza na kuchuja, chumvi inayobaki huwa karibu asilimia 2 hadi 3. Ukiipunguza mno, kabeji itaendelea kutoa maji ndani ya mtungi, viungo vitakuwa mchuzi mwepesi, na jani litalegea kabla halijaiva. Ukiiacha juu ya maji yake, hewa itaipata na utando mweupe utajitandaza. Wakorea wanauita golmaji. Jina la zamani lilikuwa maelekezo tosha: zamisha, na hakikisha imezama.

Nipite pembeni kidogo. Herufi 沈 husomwa chim ikiwa na maana ya kuzama, lakini ikiwa jina la ukoo husomwa Sim. Ndiyo herufi ya ukoo wa Sim Cheong, yule binti wa ngano ya Kikorea aliyejitosa baharini ili baba yake kipofu apate kuona. Wakorea wana jina la kuzama kwa binti aliyezama.

## Neno lililokuwepo kabla

Kabla ya herufi hizo mbili kulikuwa na neno la kienyeji, dihi. Limo katika tafsiri ya Kikorea ya mashairi ya Du Fu, mshairi wa China, iliyochapwa 1481, mahali shairi linapotaja mboga chachu za majira ya baridi. Dihi ikapoteza h, ikafupika, ikawa ji.

Haikufa. Iko mwishoni mwa oiji (matango ya chumvi), mugeunji (kimchi iliyokaa muda mrefu), seokbakji, jangajji. Kusini mwa Korea, hasa Jeolla, wapo wanaoita kimchi yote ji, bila kuongeza kitu.

Naitaja kwa sababu inajibu nusu ya swali. Dihi nayo ilianza na d, ikaishia na j. Yaani d mbele ya i ilikuwa na tabia.

## D inapanda

Sema di mara kumi kwa haraka. Irabu i inauvuta mwili wa ulimi juu kuelekea kaakaa, na d ikikosa nidhamu inavutwa nayo. Mwisho wake ni ji. Mswahili anayejua kwamba njia ya Unguja ni ndia ya Mombasa hahitaji kuelezwa sana jinsi d na j zinavyopakana.

Kikorea kilibadilika hivyo kwa jumla. Badiliko lilianzia lahaja za kusini, likapanda hadi katikati ya nchi katika karne ya 17 na 18, na karibu kila di ya maneno ya kienyeji ikawa ji. Kaskazini-magharibi, Pyongan, ndiko d ilikong'ang'ania. Kwa msomaji wa leo kuna njia rahisi ya kupima: ukikuta di katika Kikorea sanifu, ama neno ni la mkopo kama radio, ama zamani halikuwa di bali deui, kama eodi, yaani wapi.

Kwa hiyo dimchae ikawa jimchae, kisha jimchi. Hicho ndicho kituo cha kati, na bado kina watu: vijijini kusini utasikia wazee wakisema jimchi mpaka leo.

Wasomi walikuwa na njia yao. Herufi 沈 iliendelea kubadilika katika usomaji rasmi hadi ikawa chim, na wao wakalisoma neno kutoka kwenye karatasi: chimchae. Umbo hilo limebaki mahali pa heshima. Kwenye meza ya kuwakumbuka wahenga, bakuli la kimchi ya maji huitwa chimchae. Umbo jingine limejificha ndani ya dongchimi, ile ya figili na maji baridi ya majira ya baridi.

Lakini jikoni ilikuwa jimchi. Basi k imetoka wapi?

## Kusahihisha kisichokosewa

Hapa ndipo nilipokwama, kwa sababu nilikuwa naitafuta sababu ndani ya kinywa. Hakuna sababu ya ulimi inayoifanya ji iwe gi (k ya kimchi na g hii ni herufi moja ya Kikorea). Ulimi hupenda kwenda upande wa pili.

Na kweli, upande huo wa pili ulikuwa unatumika. Lahaja za kusini hazikuishia kwenye di. Ziligeuza hata gi kuwa ji. Njia, gil, ikawa jil. Mafuta, gireum, yakawa jireum. Badiliko hili la pili Seoul haikulipokea. Kwa sikio la mtu wa mji mkuu, jil ilikuwa lugha ya shamba, na mtu mwenye adabu zake alijua kwamba ukisikia ji kwa mtu wa kusini, umbo safi ni gi.

Sasa mpe mtu huyo neno jimchi.

Hajui kwamba miaka mia mbili nyuma ilikuwa dimchae. Hunmong Jahoe haiko mkononi mwake. Anasikia ji, anahisi harufu ya shamba, anasafisha. Gimchi.

Kwetu tunamjua mtu huyu. Alichekwa kwa kusema lafiki badala ya rafiki, tangu siku hiyo anaogopa l, na mezani anakaribisha watu chakura. Hofu ya kukosea imemfanya akosee mahali alipokuwa salama. Tofauti ni kwamba huyu wetu anaendelea kuchekwa, na wale wa Seoul walikuwa wengi kiasi kwamba kosa likawa kamusi.

Je, hii si hadithi tamu tu iliyotungwa kwa ajili ya neno moja? Shaka hiyo ni halali, na neno moja lisingetosha kuiondoa. Lakini kimchi ina wenzake. Kigae cha paa, giwa, kilianza kama disae, kikapita jisae na jiwa, kikaishia na g ambayo hakikuwahi kuwa nayo. Kazi ya kusokota na kufuma, gilssam, ilikuwa jilsam. Unyoya, git, zamani ulianza na j. Maneno yote hayo yalivalishwa g yasiyoidai. Nilipoyaona yamepangwa pamoja ndipo nilipoacha kubisha.

Kiswahili nacho kina mambo yake ya namna hii. Kitabu kilitoka Kiarabu kikiwa kitāb, ki yake ikiwa sehemu ya neno lenyewe; sisi tukaiona ki, tukaifanya kiambishi, tukapata vitabu. Madereva wa Tanzania wakafanya vivyo hivyo kwa kipilefti na vipilefti. Hakuna anayeona haya.

## Mboga moja, mikia mitatu

Nusu ya pili ya neno haina drama. Irabu ya zamani katika chae ilififia kwenye silabi isiyo ya kwanza, ikawa cheui, kisha chi. Raha yake ni kuitafuta herufi 菜 kwingineko sokoni. Katika japchae, zile tambi zilizochanganywa na mboga, imebaki chae. Katika baechu, iliyotokana na Kichina cha mboga nyeupe, na sangchu, saladi ya majani, imekuwa chu. Katika sigeumchi, yaani mchicha wa Kikorea, ambao kwa Kichina ulikuwa mboga ya mzizi mwekundu, imekuwa chi, sawa na kimchi.

Mtego uko mbele, kwenye kim. Wanaojifunza huiweka kimchi na kimbap kapu moja. Gim ya kimbap ni mwani, ule mwembamba unaokaushwa kama karatasi (si ule wa Paje na Jambiani unaouzwa viwandani). Kim ya jina la ukoo ni herufi ya dhahabu. Gim nyingine ni mvuke. Zote huandikwa 김 kwa Hangul, na hakuna hata moja yenye udugu na kimchi.

## Kinywani

Mswahili ana faida moja na hasara moja. Faida: m mbele ya konsonanti haimtishi. Wajapani hawafungi silabi kwa m, ndiyo maana kwao ni kimuchi, na miaka ya 1990 tahajia hiyo ilikuwa ugomvi wa kibiashara kati ya Tokyo na Seoul hadi kiwango cha mwaka 2001 cha Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kilipoandika kimchi.

Hasara: m yetu hupenda kuwa silabi kamili na hubeba mkazo, kama katika mtu. Tukiachwa tutasema ki-m-chi, mapigo matatu. Kikorea ni mawili: kim, chi. Funga midomo mapema na usiikalie m.

Sauti ya kwanza iko kati ya k na g. Ikianza sentensi inasikika kama k laini isiyo na pumzi nyingi. Ikitanguliwa na irabu, kama katika baechu-gimchi, inakuwa g kabisa. Ndiyo sababu kanuni za serikali za mwaka 2000 za kuandika Kikorea kwa herufi za Kilatini zingekupa gimchi, lakini kimchi ilishazoeleka na ikaachwa. Ch yake ina pumzi: weka kiganja mbele ya mdomo, uisikie.

Kitenzi chake ni damgeuda, kutia ndani ya kimiminika. Hutumika kwa kimchi, kwa pombe na kwa vikolezo vya soya, na hakina haja ya neno la kupika. Hapa hata Wakorea wenyewe hukosea. Shina ni damgeu-, na eu hudondoka mbele ya a, kwa hiyo wakati uliopita ni damgatda. Wengi husema damgwotda, kana kwamba shina ni damgu-. Ukiandika damgatda kwenye mtihani uko salama; sokoni utaeleweka kwa vyovyote.

Kwenye tahajia, angalia 김칫국, mchuzi wa kimchi, wenye herufi ㅅ katikati, dhidi ya 김치찌개 (kimchi-jjigae), ile kimchi ya kuchemshwa, isiyo nayo. ㅅ hiyo huashiria kwamba konsonanti inayofuata inakazwa. Jj ya jjigae imeshakazwa tayari, haihitaji msaada.

Mchuzi huo ndio uliozaa methali inayotumika kila siku: anayegawa keki ya mchele hajakufikiria, wewe umeshaanza kunywa mchuzi wa kimchi. Keki ya mchele inanata kooni, na maji ya kimchi huiteremsha, kwa hiyo mlaji mwenye haraka anajiandaa kwa kitu asichoahidiwa. Usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Na ukimsikia Mkorea akisema amekuwa pa-kimchi, kimchi ya majani ya vitunguu, yu hoi bin taaban: majani yaliyosimama wima yakishaonja chumvi hulala chali. Mbele ya kamera, neno ni kimchi lenyewe, chi ikivutwa hadi meno yaonekane.

## Majina ya serikali

Mwaka 2013 UNESCO iliorodhesha kimjang ya Korea Kusini, ule msimu wa kutengeneza kimchi kwa pamoja na kugawiana kabla ya baridi. Mwaka 2015, kwenye kikao cha Windhoek, Namibia, ikawa zamu ya Korea Kaskazini. Mataifa mawili, maandiko mawili, mtungi mmoja.

Ugomvi mkali zaidi ulikuwa na China. Novemba 2020 ISO, shirika la kimataifa la viwango, lilitoa kiwango cha paocai, mboga chachu za Sichuan. Kiwango kilisema wazi kwamba hakihusu kimchi, lakini kwa Kichina kimchi nayo ilikuwa ikiitwa paocai, na mitandao ikawaka moto. Julai 2021 wizara ya utamaduni ya Korea Kusini ikatangaza kwamba kimchi kwa Kichina iandikwe 辛奇, xinqi.

Kwa nini xinqi, na si kitu kinachofanana na kim? Kwa sababu Kichina sanifu hakina silabi kim, wala ki, wala gi. Wizara ilieleza kwamba matamshi karibu 4,000 ya Kichina yalichambuliwa kutafuta lililo karibu.

Kichina kilizipoteza silabi hizo. Ramani za zamani zinaandika Peking na Nanking. Leo ni Beijing na Nanjing. K mbele ya i ililainika ikawa j, badiliko lile lile la gil kuwa jil ambalo Seoul ililikataa. Kaskazini mwa China waliliachia lipite. Seoul ililizuia kwa nguvu kiasi cha kuwapa g hata wasioistahili. Kwa hiyo k ambayo Wachina hawawezi kuiandika ni k iliyozaliwa na hofu ya kusema kama wao wanavyosema sasa, ingawa hakuna aliyekuwa akiiwazia Beijing.

Na jina jipya lina kitu ambacho 沈菜 haikuwa nacho. 辛 ni ukali, ladha ya pilipili. 奇 ni ajabu. Kuzama kumeondoka, pilipili imeingia. Binafsi naona ni jina la biashara zaidi kuliko la chakula; kuna kimchi nyeupe, baek-kimchi, isiyo na pilipili hata chembe, nayo sasa inatakiwa iitwe kali.

D yenyewe ilirudi kabla ya yote hayo. Mwaka 1995 friji maalumu ya kuhifadhia kimchi ilitoka madukani kwa jina Dimchae. Wanunuzi walilitamka bila taabu, maana maneno ya mkopo yalikwisha kuwafundisha tena kusema di.

## Hii au hiki

Kwa Kiswahili sijaona msimamo. Wengine huandika kimchi hii imeiva, kwa kuwa maneno ya kigeni hukimbilia huko. Wengine huandika kimchi hiki kimeiva, ki ikiwavuta. Mimi nimetumia ya kwanza, lakini nikiulizwa ipi itashinda, nitaweka dau langu kwenye ya pili, na sitashangaa mtu akiagiza vimchi viwili. Kitenzi angalau hakina shida. Wakorea husema kimchi ime-ikda, na ikda hiyo hiyo hutumika kwa tunda na kwa nyama jikoni. Kuiva yetu inafanya kazi zote tatu bila kubadilishwa herufi.